Mali Bila Daftari: Somo la Miti Mikongwe ya Makanisani

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 21:33; Walawi 19:35-36; Isaya 65:22

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia mtunza hazina anaposoma hesabu ya sadaka. Leo tutaitumia kwa mali ya namna nyingine, isiyoingia katika kikapu cha sadaka wala isiyowekwa benki. Tutajifunza habari za miti mikongwe inayosimama katika viwanja vya makanisa ya mashamba huko Uingereza, na habari za watu wanaozunguka kijiji kwa kijiji na utepe wa kupimia na daftari, wakiiandika mmoja mmoja.

Pengine utauliza, miti ya Uingereza yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, miti hii ni sehemu ya habari za Kanisa letu la Kianglikana, maana mingi yake imesimama mlangoni pa makanisa yake tangu kabla ya Matengenezo. Pili, kazi ya kupima na kuandika yatufundisha jambo juu ya uaminifu ambalo lafaa kila mahali.

1. MTI WENYEWE

Waingereza huuita mti huu yew. Sisi katika somo hili tutauita myuu, na ikiwa mingi, miyuu. Wataalamu wa mimea huuita Taxus baccata. Aliyeona podo wa milimani kwetu aweza kuuwazia kidogo, kwa maana majani yake ni membamba, yamekolea kijani, nayo hayapukutiki wakati wa baridi. Miti mingi ya Uingereza ikisimama mitupu katika theluji, myuu hubaki na majani yake. Ndiyo maana Wakristo wa kale waliuona kuwa ishara ya uzima usiokoma.

Miyuu iko midume na mijike. Mdume hutoa vumbi la maua mapema katika mwaka, na mjike huzaa vitunda vyekundu. Nyama ya kitunda haina sumu, lakini mbegu iliyo ndani ina sumu, na majani na gome pia. Ng'ombe au farasi akila majani yake aweza kufa upesi. Lakini Mungu ameweka dawa karibu na sumu. Katika gome la ndugu yake, myuu wa magharibi ya Marekani, wataalamu walipata dawa ya paclitaxel, ambayo mwaka 1992 ilikubaliwa huko Marekani kutibu saratani ya mifuko ya mayai ya mwanamke. Baadaye majani ya myuu wa Ulaya yalitumika kutengeneza dawa nyingine ya jamii hiyo, iitwayo docetaxel.

Mbao zake ni ngumu na zapindika bila kuvunjika, kwa hiyo Waingereza wa kale walizitumia kutengeneza pinde ndefu za vita. Meli ya kifalme iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545. Ilipochunguzwa na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, zilipatikana pinde za myuu zaidi ya mia moja, zingali nzima.

2. KWA NINI UMO MAKANISANI?

Swali hili lina majibu mengi, na yafaa tuyapokee kwa uangalifu. Wengine husema miyuu ilipandwa ndani ya ua wa kanisa ili mifugo ya kijiji isiifikie. Wengine husema ilipandwa kukinga jengo na upepo. Wengine hukumbusha kwamba matawi yake yalishikwa katika maandamano ya Jumapili ya Matawi, kwa kuwa mitende haioti katika nchi ya baridi.

Wako pia wanaosema baadhi ya miti ilikuwapo kabla ya kanisa, na kwamba wamisionari wa kwanza walijenga karibu na mti ambao watu walikuwa wakiuheshimu. Hawa hutaja barua ya Papa Gregori ya mwaka 601, aliyompelekea Abati Mellitus ili imfikie Augustino wa Canterbury. Barua hiyo imehifadhiwa katika historia ya Kanisa aliyoiandika Beda. Gregori aliagiza sanamu ziharibiwe, lakini majengo ya ibada ya zamani yasibomolewe, bali yatakaswe na kutumiwa kwa Mungu wa kweli. Barua yenyewe haiutaji myuu. Tuseme basi kwamba yaonyesha nia ya Kanisa la siku zile, wala haithibitishi habari ya mti wowote.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunalo neno jingine la kufikiri. Baba yetu Ibrahimu alipofika Beer-sheba alipanda mkwaju, akaliitia hapo jina la Bwana. Hakuwa ameona hekalu. Alipanda mti, akaomba. Mti na maombi vimekuwa pamoja tangu zamani.

3. MTI HAUNA CHETI CHA UBATIZO

Mtu akitaka kujua umri wake huenda kwa kasisi, na kasisi hufungua kitabu cha ubatizo. Mti hauna cheti. Kwa miti mingi twaweza kuhesabu pete za ndani ya shina, kwa kuwa katika nchi za baridi kila mwaka huacha pete yake. Lakini myuu mkongwe hauna pete za kutosha kuhesabiwa. Ukifika miaka mia kadhaa, sehemu ya katikati huoza ikaanguka, na shina likabaki kama ukuta wa duara wenye uvungu ndani. Moyo wa mti umekwenda, nao umekwenda na hesabu ya miaka yake.

Uvungu huo si kifo. Mti wenye uvungu huendelea kuota pembeni. Tawi likiinama hata kugusa ardhi, hutia mizizi likawa shina jipya. Pengine mzizi huteremka ndani ya uvungu wenyewe hata ukashika udongo, ukanenepa, ukawa shina ndani ya shina. Huko Crowhurst katika wilaya ya Surrey uko myuu wenye uvungu mpana hata watu waliutia mlango, na ndani yake palipatikana risasi ya mzinga. Mti ule ungali hai.

Basi kama pete hazipo, kilichobaki ni kupima unene wa shina, na kulinganisha kipimo cha leo na kipimo cha zamani. Lakini kipimo cha zamani chaweza kupatikana tu ikiwa mtu fulani alipima, akaandika, na maandishi yake yakatunzwa. Hapa ndipo daftari linapoingia.

4. WALE WALIOANDIKA ZAMANI

Kasisi Gilbert White alihudumu katika kijiji cha Selborne, wilaya ya Hampshire. Alikuwa kasisi msaidizi tu, wala hakupata cheo kikubwa. Lakini alikuwa na desturi ya kutazama vitu alivyoviumba Mungu na kuviandika: ndege, kobe, mvua, minyoo ya ardhini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1789. Humo aliandika kwamba myuu wa uwanja wa kanisa lake ulikuwa na mzingo wa futi 23, na kwamba ulikuwa mdume.

Mti ule ulisimama hata tarehe 25 Januari 1990, dhoruba kuu ilipoung'oa. Wahenga walisema, mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Wanakijiji waliusimamisha tena kwa mashine, wakatumaini, lakini haukuishi. Chini ya mizizi yake ilionekana mifupa ya watu waliozikwa zamani sana. Siku ya kuanguka mzingo wake ulikuwa yapata futi 26.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Kutoka 1789 hata 1990 ni miaka 201. Katika muda huo mti uliongezeka futi 3 hivi, yaani sentimita 91. Gawanya kwa miaka, utapata pungufu ya nusu sentimita kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu aliyezaliwa chini ya mti ule na kuzikwa chini yake akiwa na miaka 70 angeuona umeongezeka sentimita 32 tu kuzunguka shina lote.

Je, twaweza kutumia mwendo huo kupata umri wote? Futi 26 kwa mwendo huo zingetupa miaka 1,700 na zaidi. Lakini hesabu hii ina kasoro. Myuu ukiwa kijana hukua upesi kuliko ukiwa mzee, kwa hiyo jibu letu limezidi. Tena mti mkongwe waweza kusimama bila kunenepa miaka mingi, kisha ukaanza tena. Kwa sababu hiyo wengi waliukadiria myuu wa Selborne kuwa na miaka 1,400 hivi, na hayo yalibaki makadirio. Lakini bila kile kipimo cha kasisi White, hata makadirio yangekuwa haba.

Mfano wa pili uko Fortingall, katika nyanda za juu za Uskoti. Mwaka 1769 mwanasheria Daines Barrington aliupima myuu wa uwanja wa kanisa la huko akapata futi 52. Msafiri Thomas Pennant, aliyepita katika safari yake ya mwaka ule ule, alitoa futi 56 na nusu. Hizo ni zaidi ya mita 15! Watu kumi wakishikana mikono kwa shida wangeuzunguka.

Ukienda leo hutauona mti wa namna hiyo. Shina lilikwisha pasuka. Watu walikata vipande wakavichukua kuwa ukumbusho wa safari, hata ukajengwa ukuta kuuzuia mkono wa mgeni. Kilichobaki ni mashina machache yaliyoachana, ambayo mpita njia angeyadhani ni miti kadhaa ya kawaida. Ukubwa wake wa kale twaujua kwa sababu watu wawili waliandika, na leo vigingi vidogo ardhini vyaonyesha duara la zamani. Wasingeandika, vigingi vile vingepigwa wapi?

Angalia pia kwamba wapimaji wawili wa wakati mmoja hawakupatana: mmoja futi 52, mwingine futi 56 na nusu. Si lazima mmoja awe mwongo. Shina la myuu lina vinundu na mashimo, nalo huwa na unene mmoja chini na mwingine juu. Ukisema ‘nimepima’ bila kusema ulipima wapi, umemwachia mwenzako kitendawili.

5. NAMNA YA KUPIMA NA KUANDIKA

Kwa hiyo wapimaji wa siku hizi wamejiwekea utaratibu. Twaweza kuufupisha hivi:

(a) Omba ruhusa. Uwanja wa kanisa una mlinzi wake, na shamba lina mwenyewe.

(b) Zungusha utepe kwenye kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini. Utepe usilegee wala usipinde. Ikiwa ardhi ina mteremko, kimo hicho kipimwe kutoka upande wa juu.

(c) Ikiwa mahali hapo pana tawi au kinundu kikubwa, shuka hata sehemu nyembamba iliyo chini yake, upime hapo. Kisha andika kimo ulichopimia. Jambo hili lisisahauliwe kamwe. Kipimo bila kimo ni kama barua isiyo na anwani.

(d) Tazama kama utepe umepita juu ya mmea utambaao. Mmea huo waweza kuuongeza unene wa shina. Ukishindwa kupitisha utepe chini yake, andika kwamba umepima pamoja nao.

(e) Andika hali ya mti: mdume au mjike, una uvungu au sivyo, umegawanyika vipande vingapi, una matawi yaliyotia mizizi au umevunjika wapi.

(f) Andika mahali penyewe kwa uangalifu: upande gani wa kanisa, hatua ngapi kutoka mlangoni. Piga picha, na katika picha awepo mtu, ili ukubwa uonekane.

(g) Andika tarehe, na jina la aliyepima.

Kwa desturi ya kundi liitwalo Ancient Yew Group, linaloshughulika na kazi hii, myuu huhesabiwa kuwa wa kale kabisa ukifikia miaka 800 na kuendelea, na mzingo wa mita 7 ni dalili mojawapo ya kufikia daraja hiyo. Shirika la Woodland Trust nalo lilianza mwaka 2004 kukusanya orodha ya miti mikongwe ya nchi yote, ya kila aina. Wengi wa wapimaji ni watu wa kujitolea: walimu wastaafu, wakulima, vijana, wazee wa kanisa. Hakuna elimu kubwa inayotakiwa. Kinachotakiwa ni utepe, kalamu, na moyo usiopenda kuongeza chumvi.

6. MIZANI YA HAKI

Hapo kwenye chumvi ndipo penye jaribu. Kila kijiji kingependa mti wake uwe mzee kuliko wa jirani. Mgeni akija, ni rahisi kumwambia kwamba mti huu una miaka elfu tano, naye atashangaa na kutoa sadaka. Katika kanisa la Mtakatifu Digain huko Llangernyw, nchi ya Welisi, kipo cheti kinachosema kwamba myuu wa hapo una miaka kati ya 4,000 na 5,000. Wako wataalamu wanaoona kwamba miaka hiyo ni mingi mno. Myuu wa Fortingall umepewa miaka 2,000 na mmoja, na miaka 5,000 na mwingine.

Sheria ya Musa yatuagiza tusidanganye katika kipimo cha urefu, cha uzani wala cha ujazo. Sisi huifikiria amri hii tunapokuwa sokoni mbele ya muuza mchele. Lakini yatugusa pia tunapotaja umri wa mti, idadi ya waumini waliohudhuria mkutano, au kiasi kilichotumika katika ujenzi wa nyumba ya kasisi. Mungu hahitaji uongo wetu ili kazi yake ionekane kubwa. Mpimaji mwema huandika: mzingo ni mita 7 na sentimita 20, kwenye kimo cha mita moja, mti una uvungu. Kisha hunyamaza. Kama watu wataka umri, husema ni makadirio. Mti haupungukiwi utukufu kwa sababu ya ukweli huo.

Tena mti waweza kutushangaza, na anayeandika kwa uaminifu ndiye atakayeona. Myuu wa Fortingall umeandikwa kuwa mdume kwa muda wote uliojulikana. Mwaka 2015 mtaalamu wa bustani ya mimea ya Edinburgh aliona vitunda vitatu vyekundu juu ya tawi moja: sehemu ndogo ya mti imegeuka kuwa jike! Jambo hili lilitambulika kuwa la ajabu kwa sababu tu waliotangulia waliandika ‘mdume’.

7. DAFTARI LAWEZA KUOKOA

Turudi Llangernyw. Shina la myuu ule limegawanyika, na katikati pana nafasi. Kwa muda mrefu nafasi hiyo ilionekana kuwa mahali pafaapo pa kuweka tangi la mafuta ya kupasha kanisa joto. Hatukuambiwa kwamba mtu yeyote alikuwa na nia mbaya. Watu waliupita mti kila Jumapili, wakauona kuwa kichaka cha zamani chenye nafasi katikati. Ni katika miaka ya 1990, mti ulipotambuliwa na kuandikwa, ndipo tangi lilipoondolewa. Mwaka 2002, katika jubilii ya miaka 50 ya Malkia Elizabeth wa Pili, mti huo uliwekwa katika orodha ya miti mashuhuri 50 ya nchi.

Ndugu msomaji, fikiri hapo. Mti haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu alisimama, akatazama, akapima, akaandika. Na hata leo Uingereza haina sheria inayolinda kila mti mkongwe kwa ajili ya umri wake tu, kama majengo ya kale yanavyolindwa. Mti usio katika orodha yoyote waweza kukatwa kwa ajili ya maegesho ya magari, na mwenye msumeno asijue alichokikata.

Mwaka 2000 ulipofika, vipandikizi vilivyotwaliwa katika miyuu ya kale viligawiwa maelfu ya parokia za Uingereza, vikapandwa kuwa ukumbusho wa miaka 2,000 ya Bwana wetu. Waliovipanda hawataiona mikongwe. Walimpandia mtu ambaye hajazaliwa.

8. NA SISI JE?

Miyuu haioti kwenye viwanja vyetu. Lakini makanisa yetu yana mbuyu, mkuyu, mkwaju au mwembe ambao chini yake wazee wetu walifundishwa katekisimu kabla jengo halijaezekwa. Ni nani ameuandika? Wazee wanaojua nani aliupanda wanapungua kila mwaka, na tukiwazika, tunazika na daftari.

Basi kazi ya juma hili ni ndogo. Azima futi ya fundi cherehani. Pima mti wenu kwenye kimo cha mita moja na nusu. Andika mzingo, kimo, tarehe, na maneno ya mzee mmoja anayeufahamu. Weka karatasi hiyo pamoja na vitabu vya kanisa. Nabii Isaya alisema kwamba siku za watu wa Mungu zitakuwa kama siku za mti. Ahadi ile ni njema, na itakuwa aibu kwetu kama siku za miti yenyewe hakuna aliyezihesabu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kanisa letu lina mali gani isiyo katika daftari lolote?
2. Kwa nini watu wa Llangernyw waliweza kuupita mti kila Jumapili bila kuuona? Ni kitu gani sisi twakipita hivyo?
3. Ni wapi katika taarifa zetu za kanisa tunapojaribiwa kuongeza chumvi?
4. Tungepanda nini leo kwa ajili ya watakaoabudu hapa baada ya miaka 200?

SALA

Ee Mungu, uliyeotesha mti kabla hujamfanya mtu wa kuutunza, utupe macho ya kuona ulivyotukabidhi, mkono wa kupima kwa haki, na ulimi usiozidisha. Ili watakaokuja nyuma yetu wakute mali yako mahali pake, na habari zake za kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.